Mgonjwa wa Kisukari na Daktari Asiyelijua Jiko Lake

Kila katibu aliyepitia mafunzo ya ushirika amelisikia jina la Rochdale. Ni mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, ambako tarehe 21 Desemba, 1844, kundi dogo la wafumaji na mafundi lilifungua duka katika njia iitwayo Toad Lane, likiuza unga, siagi, sukari na bidhaa nyingine chache. Masomo ya ushirika kwa kawaida huishia hapo, wala hayaelezi mji huo ulivyokuwa baadaye. Katika miaka ya 1950 na 1960 viwanda vya pamba vya Rochdale na miji jirani vilikosa watu wa zamu za usiku, vikaajiri wanaume kutoka Pakistani, pamoja na ile sehemu yake ya mashariki ambayo tangu mwaka 1971 ni nchi ya Bangladeshi. Wengi wao hawakurudi kwao. Waliwaleta wake zao na watoto, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, nao wakazeekea huko. Uzee wao umekuja pamoja na ugonjwa wa kisukari, tena kwa wingi unaowapita mbali majirani zao Wazungu.

Somo la mwezi huu linahusu jinsi madaktari wa Uingereza wanavyojaribu kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo. Kisukari ni maradhi ambayo sehemu kubwa ya dawa yake haimo katika chupa bali imo katika sufuria, katika mwendo wa kila siku na katika mpango wa siku nzima ya mtu. Daktari asiyejua lugha ya mgonjwa, asiyejua anachopika wala anayempikia, asiyejua dini yake inamwamuru nini na lini, atamtibu vipi mtu huyo?

Wasomaji wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mbali tu. Mwezi wa Agosti, 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na zaidi ya 27,000 kati yao walipokewa Uingereza. Wengi walikaa Leicester, mji ambao halmashauri yake ilikuwa imetangaza katika gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Wengine walikuwa wametangulia kutoka Kenya na Tanzania. Mpaka leo katika mahoteli ya Leicester na London watu hao huagiza mihogo ya kukaanga kwa jina la «mogo», yaani muhogo wetu huu huu. Aidha, wako London Waswahili wa Barawa waliokimbia vita vya Somalia vilivyozuka mwaka 1991, ambao lugha yao, Chimwini, ni ndugu wa lahaja za mwambao. Basi mgonjwa anayezungumzwa hapa huenda ni mtu aliyewahi kupima pamba au kahawa katika ghala linalojulikana na wasomaji.

Ifahamike kwanza jinsi huduma yenyewe ilivyopangwa. Tangu tarehe 5 Julai, 1948, Uingereza ina Huduma ya Afya ya Taifa, ambayo mgonjwa hamlipi daktari anapokwenda kumwona. Kila mkazi hujiandikisha katika kituo cha daktari wa familia, kama vile mwanachama anavyoandikwa katika rejesta ya chama chake cha msingi. Mgonjwa wa kisukari hutunzwa zaidi hapo kuliko hospitali. Mara moja kwa mwaka huitwa akapimwe sukari, shinikizo la damu, mafuta ya damu, figo na miguu, na aghalabu anayemwona ni muuguzi wa kituo. Mpango ni mzuri. Lakini ulibuniwa kwa mtu asomaye Kiingereza, alaye mkate na viazi, na ambaye mchana wake ni wa kula.

Hatari yenyewe haikugawanyika sawasawa. Uchunguzi ulioanza Southall na Brent, magharibi mwa London, mwishoni mwa miaka ya 1980 uliwafuatilia watu wa asili mbalimbali kwa zaidi ya miaka 20. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 80, kati ya watu 40 na 50 katika kila 100 wenye asili ya Asia Kusini, Afrika au visiwa vya Karibi walikuwa wameugua kisukari, kiasi kisichopungua mara mbili ya Wazungu. Ugonjwa huwajia mapema zaidi pia. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 uliagiza kwamba watu wa jamii hizo wapimwe hatari yao tangu umri wa miaka 25, badala ya kungojea 40.

Hata mizani haikusema kweli kwa wote. Kwa Mzungu mwenye urefu wa mita 1.70, uzito huanza kutiliwa shaka anapofikia kilo 72 hivi. Kwa mtu wa asili ya Asia Kusini au ya Kiafrika, mwongozo wa mwaka 2013 ulishusha kiwango hicho, ikawa shaka huanza kwenye kilo 66 na nusu. Mtu mwembamba anayeambiwa na karani wa zahanati kwamba hana haja ya kupimwa, huenda ndiye aliyefaa kutangulia katika foleni.

Kuna jambo la maabara ambalo halina budi kuelezwa taratibu, maana linawahusu Waafrika popote walipo. Kipimo kikuu cha kisukari siku hizi huitwa HbA1c. Hupima kiasi cha sukari iliyogandamana na wekundu wa damu kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyotangulia. Ikifikia asilimia 6.5, mtu huhesabiwa kuwa na kisukari. Sasa, mtu aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja haugui selimundu, tena mara nyingi hajui kama anayo. Lakini uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba, kwa kiasi kile kile cha sukari mwilini, kipimo chake husoma chini kwa karibu asilimia 0.3 kuliko cha mwenziwe. Mwaka huo huo ilithibitishwa kwamba kasoro nyingine ya kurithi, ile ya kimeng'enya cha G6PD ambayo pia imeenea kwa watu wenye asili ya Afrika, hushusha hesabu hiyo zaidi. Daktari anayesoma namba peke yake humrudisha nyumbani mgonjwa kwa maneno ya kumtuliza. Anayejua asili ya mtu wake huongeza kipimo cha sukari ya damu kabla ya chakula, kisha hulinganisha hesabu mbili. Mkaguzi yeyote wa vitabu ataelewa faida yake.

Lugha nayo ina mambo yake. Dawa ya kwanza iliyowajia wakubwa wengi ilikuwa kutafsiri vijikaratasi. Lakini wengi wa Wabangladeshi wa London huzungumza Kisilheti, ambacho maandishi yake ya kale yameachwa kutumika, na wazee wengi, hasa wanawake, hawakupata kusoma Kibengali. Karatasi iliyotafsiriwa kwa gharama ikawa haisomeki na yule aliyekusudiwa. Vivyo hivyo mkalimani wa Kisomali aliyetafutwa kwa nia njema huenda asimfae kikongwe wa Kibarawa, kwa kuwa katika jalada iliandikwa «Somalia» na hakuna aliyeuliza zaidi.

Njia ya mkato iliyozoeleka ni kumtumia mtoto wa mgonjwa. Watoto husoma shule na Kiingereza chao ni safi. Hata hivyo kisukari ni ugonjwa unaopunguza nguvu za kiume, unaoleta muwasho sehemu za siri, na unaompa mtu hofu ya kukatwa mguu. Binti wa miaka kumi na miwili atamwulizaje baba yake maswali hayo? Na baba atajibu nini? Atasema hana shida, na muuguzi ataandika kwamba hana shida. Maelekezo ya Huduma ya Afya ya mwaka 2018 yanataka mkalimani aliyefunzwa, asiyelipwa na mgonjwa, na yanakataza watoto kutumiwa kwa kazi hiyo. Pia yanataka muda wa kuonana uongezwe, maana kila neno husemwa mara mbili.

Lakini jikoni ndiko penye somo kubwa. Mwaka 1998 Trisha Greenhalgh na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza mazungumzo waliyofanya na Wabangladeshi wenye kisukari katika mashariki ya London. Walikuta kwamba watu hao walikuwa na elimu yao kamili juu ya chakula. Viko vyakula vya nguvu, kama nyama, samli na sukari, na viko vyakula dhaifu, kama wali mweupe. Tena viko vinavyosagika tumboni na visivyosagika. Chakula kibichi, cha kuokwa au cha kubanikwa kilihesabiwa kizito, kisichofaa kwa mzee wala mgonjwa. Sasa tazama ushauri wa kawaida wa muuguzi: acha kukaanga, oka au banika, kula mboga mbichi. Kwa masikio ya yule mama aliyekaa mbele yake, anaagizwa ampe mumewe mgonjwa chakula kile kile ambacho kila mtu kwao anajua kwamba mgonjwa hapewi. Hatabisha, kwa adabu. Ataitikia, aende nyumbani apike alivyopika jana. Katika jalada itaandikwa kwamba mgonjwa hafuati masharti.

Kosa hapo si la yule mama. Ushauri uliofaa ulikuwapo: punguza kipimo cha mafuta katika mchuzi ule ule, chemsha badala ya kuoka, wali uwe kikombe kimoja na mboga ziwe nyingi, chapati zikandwe kwa unga usiokobolewa bila samli. Kwa Mwafrika, kiasi cha ugali, ndizi au mihogo kionyeshwe kwa ngumi ya mkono wake, si kwa viazi ambavyo hali. Tena ushauri umfikie mpishi. Mara nyingi aliyekaa mbele ya muuguzi ni mwanamume asiyejua chumvi inawekwa wapi.

Katika kuuliza habari za jiko hutokea na mengine. Mwaka 1979 jarida la Lancet lilichapisha taarifa juu ya mgonjwa aliyekuwa akila mchuzi wa karela, lile tunda chungu linalojulikana hata mwambao, huku akimeza vidonge vya kushusha sukari. Karela ilionekana kuongeza nguvu ya dawa. Mgonjwa hatataja karela asipoulizwa, kwa kuwa kwake ni mboga. Vilevile yuko anayekataa sindano ya insulini kwa kudhani inatokana na nguruwe. Zamani ilikuwa hivyo kwa sehemu, kwani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini insulini ya namna ya binadamu, inayotengenezwa kwa vijidudu, iliruhusiwa mwaka 1982, na ndiyo asili ya karibu zote zitumikazo leo. Neno moja la muuguzi lingeondoa shaka hiyo, endapo angejua kwamba shaka ipo.

Mwezi wa Ramadhani ndio mtihani wa huduma yote hii. Qur'ani, katika sura ya Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa kutofunga na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa hutoa fidia ya kulisha maskini. Pamoja na ruhusa hiyo, wagonjwa hufunga. Uchunguzi wa mwaka 2001 uliohusu watu zaidi ya 12,000 katika nchi 13 ulikuta kwamba karibu watu 79 katika kila 100 wenye kisukari cha aina ya pili, ile ya ukubwani, walifunga siku zisizopungua 15. Kuanguka kwa sukari kwa kiasi cha kumlaza mtu hospitali kuliongezeka kama mara saba na nusu kwa wagonjwa wa aina hiyo. Na Uingereza saumu haina urefu mmoja. Mwambao wa Afrika Mashariki mfungaji hukaa saa kumi na tatu na nusu hivi, mwaka wote. London, Ramadhani ikiangukia mwezi wa Juni, hupita saa 18, na kati ya futari na daku hakuna nafasi ya kulala.

Daktari anayesema tu «usifunge» amejitoa katika shauri hilo, maana mgonjwa atafunga asimwambie, na atapanga dawa zake mwenyewe. Yule anayefaa humwita mgonjwa wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Humweleza kama yeye ni katika wale ambao kufunga ni hatari kubwa kwao, mathalani mwenye figo mbovu, mjamzito anayetumia insulini, au aliyewahi kuzirai kwa kushuka sukari. Hapo hufaa sana imamu akiwa pamoja na daktari katika neno moja. Kwa wengine, vidonge hugawanywa kati ya futari na daku. Dawa zinazoweza kuangusha sukari, kama glibenklamaidi inayojulikana sana katika zahanati zetu, hupunguzwa au hubadilishwa. Nayo daku haiachwi. Mgonjwa hufundishwa kwamba kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi saumu. Hufundishwa pia kwamba sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita moja ya damu, au ikipanda juu ya 300, afungue papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imekaribia. Mabadiliko ya dawa hufanywa na daktari anayemjua mgonjwa, na msomaji yeyote mwenye kisukari asijipimie kwa kufuata ukurasa huu.

Yaliyotangulia yanaweza kumfanya mtu afikiri kwamba kazi ni kutunga orodha: Waasia wanakula hivi, Waafrika wanaamini vile. Orodha ya namna hiyo ni upofu mwingine. Katika ndege moja iliyotoka Entebbe mwaka 1972 aliweza kuwamo Mhindu asiyegusa nyama, Mwismaili, Singasinga na Mgoa Mkatoliki. Wote Uingereza wakaandikwa «Waasia». Mjukuu wa yeyote kati yao, aliyezaliwa Leicester, huenda hula chipsi kuliko kitu kingine. Rangi na asili humwambia daktari hatari iliyomo katika damu. Juu ya maisha ya mtu, aulizwe mtu mwenyewe, na jibu liandikwe mahali ambapo muuguzi wa mwaka ujao ataliona: anasema lugha gani, anasoma au hasomi, nani anapika, anafunga au hafungi, anatumia dawa gani za kienyeji.

Hesabu za vituo zinastahili kutazamwa kwa jicho la ukaguzi. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa kuwalipa madaktari wa familia kwa kadiri wagonjwa wao walivyofikia viwango vilivyowekwa, kisukari kikiwa mojawapo. Mgonjwa aliyeitwa mara tatu katika mwaka mmoja asifike, aliweza kuondolewa katika hesabu. Sharti hilo lilikuwa na haki yake, maana daktari hawezi kumkokota mtu. Lakini barua tatu za Kiingereza kwa mtu asiyesoma si mwito. Kituo kiliweza kuonyesha takwimu safi na malipo kamili, huku waliokuwa na hali mbaya kuliko wote hawamo katika namba iliyogawanywa. Aliyewahi kukuta mahudhurio ya mkutano mkuu yaliyohesabiwa kwa waliofika tu ataijua tabia hiyo mara moja.

Je, juhudi zote hizi zimeleta faida? Jibu halikunyooka. Katika miji ya Coventry na Birmingham vituo 21 vilishiriki katika jaribio la miaka miwili, lenye wagonjwa 1,486 wa asili ya Asia Kusini. Vituo vingine viliongezewa muda wa muuguzi na wafanyakazi wanaosema lugha za wagonjwa, vingine vikaendelea kama kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha nafuu ndogo ya shinikizo la damu, lakini sukari haikutofautiana kwa namna ya kutegemewa. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 wataalamu walikusanya majaribio 33 ya elimu iliyofuata mila na lugha za wagonjwa katika nchi mbalimbali, wakakuta kwamba sukari ilishuka kwa kiasi kidogo, na nafuu hiyo ilionekana mpaka miezi 24. Yaelekea kuongeza watu na saa peke yake hakutoshi, ikiwa kinachosemwa ndani ya saa hizo ni kile kile cha zamani.

Mafunzo ya vikundi yaliyotungwa huko Leicester na kwingineko hufuata njia hiyo ya pili: wagonjwa hukaa pamoja, hueleza kwa lugha yao wanavyouelewa ugonjwa, na mwezeshaji huanzia hapo. Wasomaji wenye umri mkubwa wataikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokutana kusikiliza redio na kujadiliana. Jambo lenyewe si geni kwetu.

Vikundi vya kujifunza katika vyama vya msingi vinaombwa kujadili yafuatayo. Mwanachama asiyejua kusoma akiletewa barua kutoka zahanati au hospitali, ni nani humsomea, na je, mwanachama mwenyewe ndiye aliyemchagua mtu huyo? Mganga wa zahanati akiwa ametoka mkoa mwingine, ni vyakula gani vya hapa ambavyo hajui vinavyopikwa? Katika siku ya mkutano mkuu, mwenye kisukari hupewa kinywaji gani wengine wanapogawiwa soda? Kwa vyama vya kandokando ya Ziwa Victoria, ambako chembe ya selimundu imeenea: je, zahanati ya karibu hupima sukari kwa njia gani? Asiulizwe mtu ugonjwa wake mbele ya kikundi. Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi, na katibu ayapeleke kwa ofisa elimu wa chama kikuu pamoja na taarifa ya robo mwaka.